Usiniambie Niko Sawa Kabla Ripoti Haijatoka

Leo naongea kuhusu matako yangu. Kama unakula, maliza kwanza. Kama uko kwa matatu na jirani anachungulia simu yako, geuza skrini kidogo halafu endelea kusoma, kwa sababu hii stori ni yako pia hata kama unajiona mzima.

Wengi wenu mlinijua kwa vichekesho. Na wengi mliona ile video ya mwezi wa tatu, nikiwa nimevaa gauni la hospitali lililo wazi nyuma, nikikata kiuno, nikisema, "Wasee, nimetolewa kinyama, niko fiti kabisa!" Mlicheka. Wengine mkaniombea. Hiyo video nimeifuta, na si kwa sababu ya gauni. Nimeifuta kwa sababu nilikuwa nawadanganya bila kujua. Mtu mwenye koti jeupe aliniambia niko sawa, nami nikarudia venye niliambiwa. Kumbe yeye mwenyewe hakuwa amejua bado.

Hoja yangu leo ni moja, na naisema mapema ili usinisumbue baadaye kuuliza nilitaka kusema nini. Kutolewa kinyama si kupimwa. Kutoa ni kukata. Kupima hufanywa na mtu mwingine, kwa chumba kingine, na jibu huja kwa karatasi. Mtu akikuambia uko sawa kabla hiyo karatasi haijafika, anabahatisha na mwili wako. Na hospitali ikikaa na hiyo karatasi bila kukufikishia, haijamaliza kazi uliyoilipia.

Mimi si daktari. Hata chuo sikumaliza, mnajua hiyo stori. Lakini hata ningemaliza, kozi ya biashara haifundishi mtu kusoma ripoti ya maabara. Nimejifunza kwa lazima, nikiwa na hofu, saa nane usiku, na nimerudi mara mbili kumuuliza daktari kama nimeelewa vizuri. Ninachoandika hapa ni kile nilichothibitisha.

Sasa, ilivyoanza.

Nilikuwa naona damu kwa tishu. Si nyingi. Inakuja, inapotea wiki mbili, inarudi. Nikaenda kwa kemisti. Kemisti hakuniuliza chochote, akanipa krimu ya bawasiri. Nikarudi mara ya pili, krimu. Mara ya tatu akaniona kwa mlango tu na tayari ameshika krimu. Miezi saba, manze. Na mimi pia nina lawama hapo, kwa sababu sikumwambia mtu. Unaanzaje? Kwa gropu ya familia, baada ya shosho kutuma maombi ya asubuhi, wewe unaandika "habari za asubuhi, natoka damu nyuma"? Sisi watoto wa mtaa tunaweza kuongea kila kitu, ngono, madeni, nani ameachana na nani, lakini choo hatuongei.

Mathe ndiye aliyegundua, kwa sababu alikuja kunitembelea na akaingia bafu kabla sijasafisha. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Kesho tunaenda hospitali, na usiniambie uko bize."

Nikapangiwa kolonoskopi. Kwa asiyejua, ni kamera ndogo kwenye mpira mwembamba unaopinda, inaingizwa kwa njia ya haja kubwa kuangalia utumbo mpana. Kabla yake unakunywa dawa ya kusafisha tumbo. Naishi mtaa ambao maji huja siku mbili kwa wiki. Fikiria. Nilijaza ndoo zote, hadi sufuria za ugali.

Siku yenyewe walinipa dawa ya usingizi, sikuhisi kitu. Nilipoamka daktari akaniambia damu inatoka kwa bawasiri kweli, kwa hivyo kemisti hakukosea kabisa. Ila wakiwa huko ndani wamekuta kinyama kidogo, polipu, kwenye puru, milimita saba hivi, wamekitoa. "Uko sawa, kijana. Kula mboga, kunywa maji." Nikapewa karatasi ya kutoka. Ilikuwa na mstari mmoja kuhusu kile kinyama: polipu ya puru, imetolewa. Basi. Nikavaa gauni langu, nikacheza mbele ya kamera, nikarudi kejani.

Wiki tisa zikapita.

Nilirudi pale hospitali kwa sababu ya risiti. Ni hiyo tu. Chama chetu hurudishia mtu sehemu ya gharama ya matibabu, na mweka hazina alitaka risiti yenye mhuri. Mama wa rekodi alipoingiza namba yangu akasema, "Na hii ripoti yako hujawahi kuchukua?" Nikamuuliza ripoti gani. Akafungua droo, akatoa bahasha. Ilikuwa imekaa pale wiki saba. Namba yangu ya simu kwenye faili ilikuwa na tarakimu tisa. Mtu alisahau moja. Walijaribu kupiga, haikupita, bahasha ikarudi kwa droo.

Nikaifungua nikiwa kwa benchi la korido, katikati ya mama na mtoto anayelia na mzee mwenye bandeji. Ilikuwa Kiingereza kigumu, lakini neno moja lilikuwa wazi. Ilisema kwamba chembe zilizoonekana zinaashiria uvimbe wa nyuroendokrini, yaani kasinoidi. Kwamba inapendekezwa rangi maalum zifanywe ili kuthibitisha. Na kwamba kingo za kipande haziwezi kutathminiwa.

Inaashiria. Inapendekezwa. Haziwezi.

Nikaingia mtandaoni hapo hapo. Kosa kubwa. Ndani ya dakika kumi nilikuwa nimesoma kwamba hiyo si kansa, kwamba hiyo ni kansa, kwamba nitawashwa na joto usoni na kuharisha, kwamba nina miaka kadhaa, kwamba nisile ndizi. Nilimpigia mathe nikashindwa kuongea.

Sasa nikuelezee hicho kitu kwa lugha ya binadamu, kwa sababu hakuna aliyenielezea mimi.

Ndani ya ngozi ya utumbo kuna chembe zinazotengeneza homoni. Zimetawanyika kila mahali, zinasaidia chakula kisogee na kusagika. Wakati mwingine hizo chembe huanza kuongezeka mahali pamoja na kufanya uvimbe. Mwaka 1907 daktari Mjerumani, Siegfried Oberndorfer, aliyekuwa Munich, aliuita uvimbe huo karzinoide, maana yake kitu kinachofanana na kansa. Alidhani ni wa upole. Mwaka 1929 alijisahihisha mwenyewe, akakubali kwamba mwingine unaweza kuwa mbaya na kusambaa. Yaani aliyeupa jina ndiye aliyesema jina halitoshi. Lakini jina lilishika, na hadi leo kuna mtu anakuambia "si kansa, inafanana tu na kansa" kama vile miaka yote hiyo haijapita.

Ukweli uko katikati na una vipimo. Kasinoidi ya puru mara nyingi hupatikana hivi hivi, kwa bahati, mtu akiangaliwa kwa sababu nyingine. Ikiwa chini ya sentimita moja, haijaingia ndani sana, na chembe zake zinagawanyika polepole, mara nyingi kuitoa yote ndiyo tiba yenyewe. Ikipita sentimita mbili, uwezekano wa kusambaa ni mkubwa na matibabu ni mengine kabisa. Kati ya moja na mbili, madaktari hukaa chini kufikiria.

Kasi ya kugawanyika hupimwa kwa namba inayoitwa Ki-67. Chini ya asilimia 3 ni daraja la kwanza. Kutoka 3 hadi 20 ni la pili. Zaidi ya 20 ni la tatu, na hapo mambo ni moto. Hiyo namba haionekani kwa kamera. Daktari anayekutoa kinyama hawezi kuijua kwa macho, hata awe na miaka thelathini kazini. Kile kinyama kinawekwa kwenye fomalini, kinagandishwa ndani ya nta, kinakatwa vipande vyembamba kuliko unywele, kinapakwa rangi, na mwanapatholojia anakiangalia kwa hadubini. Hapo ndipo inajulikana kama ni polipu ya kawaida au kitu kingine. Kwa hivyo yule aliyeniambia "uko sawa" nikiwa bado na usingizi alikuwa anatabiri. Angesema, "Tumetoa, inaonekana ndogo, tungoje maabara," ningeelewa. Ni maneno matano. Hayana gharama.

Na lile neno "labda" kwenye ripoti? Nimekuja kuliheshimu. Mwanapatholojia alikuwa mkweli kuliko watu wote kwenye hii stori. Kipande ni kidogo. Kilikatwa kwa kitanzi cha waya chenye umeme, na umeme huchoma kingo, kwa hivyo ukingo ukiungua huwezi kusema kama uvimbe ulifika hapo au la. Tena hii kasinoidi hukua kuelekea chini, tabaka la chini ya ngozi ya utumbo, na kitanzi cha kawaida hukata juu juu. Ndiyo maana inaweza kubaki hata kama kwa macho imeondoka. Rangi za kawaida zinaonyesha umbo tu. Ili kuwa na uhakika wanatumia rangi zinazonasa protini maalum, mbili zinaitwa sinaptofisini na kromogranini. Na hapa usikubali kuharakishwa, kwa sababu kasinoidi ya puru mara nyingi haishiki kromogranini. Mtu akipima hiyo moja tu, ikose kushika, akuambie huna kitu, amekupoteza.

Kwa hivyo "labda" ya maabara ni swali lililoachwa wazi ili mtu alifuatilie. Shida ni kwamba hakuna aliyepewa kazi ya kulifuatilia. Daktari alidhani maabara itapiga. Maabara ilituma kwa rekodi. Rekodi ilikuwa na namba yenye tarakimu tisa. Na mimi nilikuwa kejani nahariri video ya kusherehekea.

Najua utetezi wao, nimeusikia wote.

Wa kwanza: "Hatutaki kuwatisha wagonjwa." Tafadhali. Unajua nini kilinitisha? Kusoma neno kasinoidi peke yangu kwa benchi. Ningeambiwa kwa sauti ya mtu, kwa dakika tano, kwamba kuna uvimbe mdogo, kwamba mwingi wa aina hii ukiwa mdogo hutibika, kwamba kuna kipimo kimoja kimebaki, ningelala usiku huo. Ukimya hautulizi mtu. Unamwachia mtandao ndio umwelezee.

Wa pili: "Wagonjwa hupotea. Tunawapigia, simu zimezimwa." Hii ni kweli, na sitajifanya. Tunabadilisha laini kama soksi. Tunahama mtaa usiku rendi ikishinda. Na ninajua mama wa rekodi ana foleni hadi mlangoni na faili zimejaa hadi dirishani, sina neno naye, kwani ndiye aliyeniokoa. Lakini kama unajua simu hupotea, si unaniandikia kwa ile karatasi ya kutoka, "Rudi tarehe fulani uchukue ripoti, usikose"? Hata gereji ya mtaa hukuandikia siku ya kurudi kuchukua gari. Mimi nilitolewa kipande cha mwili, sikuandikiwa tarehe.

Wa tatu, na huu ndio unaniuma: "Wewe bado mdogo, haya ni mambo ya wazee." Julai 2019 nilikuwa shule wakati nchi hii ilipoteza watu watatu wakubwa ndani ya mwezi mmoja. Bob Collymore wa Safaricom, Ken Okoth wa Kibra, Joyce Laboso wa Bomet, wote kansa. Okoth alikuwa na kansa ya utumbo mpana, na alikuwa na miaka 41. Haikuwa kasinoidi, nisichanganye mambo. Ila alikuwa mtu wa miaka 41, na utumbo huo huo. Tuliongea wiki tatu hivi, tukaweka picha zao kwa wasifu, halafu tukarudi kununua krimu kwa kemisti. Chadwick Boseman alikufa 2020 akiwa na 43, mkaandika "Wakanda" kila mahali. Nani kati yenu alienda kupimwa?

Duniani, watu wenye huu ugonjwa wamechukua punda milia kuwa alama yao, na kila Novemba 10 wana siku yao. Sababu ni kwamba madaktari wa Marekani hufundishwa, ukisikia kwato nyuma yako, fikiria farasi kwanza, usifikirie punda milia. Yaani anza na ugonjwa wa kawaida. Ni ushauri mzuri, kwa kawaida. Lakini sisi tuko Kenya, buda. Huku ukisikia kwato, punda milia wenyewe wako pale mbugani kando ya Mombasa Road. Kuanza na bawasiri ni sawa. Kuishia na bawasiri mara tatu bila kuangalia, miezi saba, ndiyo dhambi.

Sasa nigeukie upande wetu, kwa sababu sitaki mfikiri nalaumu hospitali peke yake.

Wenzangu tunaotengeneza kontenti, tumeharibu. Siku niliposema hadharani kwamba nina jibu lisilokamilika, ndani ya saa moja nilikuwa na jumbe za watu watatu wanaojulikana, wanaowafuata maelfu, wakiniuzia chai ya kusafisha utumbo. Mmoja alinipa asilimia nikimtangaza. Asilimia! Juu ya matako yangu mwenyewe! Steve Jobs alikuwa na uvimbe wa familia hii hii, wake ukiwa kwenye kongosho. Uligunduliwa Oktoba 2003, na kwa mujibu wa mtu aliyeandika maisha yake, alikataa upasuaji kwa miezi kadhaa akijaribu lishe na njia mbadala. Alipasuliwa Julai 2004, akafa Oktoba 2011. Sisemi kuchelewa ndiko kulimuua, hakuna anayeweza kukuapia hiyo. Nasema alikuwa na pesa za kununua madaktari wa dunia nzima, na alikuwa na jibu kamili mkononi, na bado chai haikumsaidia. Wewe huna hata jibu, unaanza na chai?

Na wale wa kutisha pia, nyamazeni. Ile orodha ya joto usoni, kuharisha na kubanwa kifua hutokea hasa uvimbe ukiwa umesambaa hadi ini na unamwaga homoni. Mdogo wa puru ni nadra kabisa kufanya hivyo. Kile kipimo cha mkojo wa saa 24, ambacho kabla yake unakatazwa ndizi, avokado na nanasi, kipo na kina kazi yake, lakini kwa uvimbe kama wangu mara nyingi hutoka kawaida tu. Mtu aliacha kula ndizi wiki mbili kwa sababu ya video ya msee fulani. Ndizi haina kosa.

Turudi kwa hospitali, maana kuna kitu hawakuambii. Ile ripoti ni haki yako. Katiba ya 2010, ibara ya 35, inakupa haki ya kupata taarifa iliyo mikononi mwa mtu mwingine kama unaihitaji kulinda haki yako, na ibara ya 43 inasema afya ni haki. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu akuambie hali yako ya kiafya, tena kwa lugha unayoielewa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zako. Kwa hivyo ukiwa pale dirishani na mtu anakuambia "ripoti ni ya daktari tu", mwangalie vizuri usoni na umwambie kwa heshima kwamba ni yako pia. Mimi nilisema, sauti ikitetemeka, na nikapewa nakala. Hata ile nta yenye kipande chako, maabara huihifadhi, na unaweza kuomba ipelekwe maabara nyingine isomwe upya. Hiyo ndiyo nilifanya.

Zile rangi za ziada zilikuwa elfu kumi na nne. Bima yangu ilisema hapana. Niliuza taa yangu ya kurekodia na mathe akamalizia. Nilingoja siku kumi na mbili. Sitaki kuelezea hizo siku.

Ikatoka: ni kasinoidi kweli. Sinaptofisini imeshika. Ki-67 chini ya asilimia 3. Daraja la kwanza. Kama unaweza kuchagua, hiyo ndiyo ungechagua.

Lakini kingo bado hazijulikani, kwa hivyo ilibidi kamera irudi ndani. Na hapa ndipo niliona gharama ya ule mstari mmoja. Daktari wa pili, mama mpole sana, aliniuliza, "Walikitoa sentimita ngapi kutoka nje?" Sijui. Karatasi ilisema puru tu. "Walipiga picha? Waliweka alama ya wino?" Hapana. Unaona, kovu la kinyama kidogo hupona na kufifia. Baada ya miezi kadhaa linaweza kufanana na ngozi nyingine yote. Alilitafuta kwa muda mrefu, ananiambia, hadi alikaribia kuacha. Akalipata sentimita nane, kidoa cheupe. Akatoa eneo lote kwa kina zaidi. Maabara ikasema hakuna mabaki, kingo zote safi.

Kwa hivyo sasa naweza kusema niko sawa. Sasa, miezi mitano baadaye, si ile siku ya gauni.

Najua mtu atasema, si mambo yameisha vizuri, unapiga kelele ya nini? Napiga kelele kwa sababu yaliisha vizuri kwa ajili ya risiti. Chama chetu kingekuwa hakirudishi pesa, ile bahasha ingekuwa bado kwa droo. Na kwa droo ile nilimwona mama wa rekodi akipekua bahasha kadhaa kabla ya kufika yangu. Kila moja ni ya mtu. Labda nyingi zinasema polipu ya kawaida, hakuna shida. Labda moja haisemi hivyo, na mwenyewe yuko mahali anaambia watu yuko fiti.

Kama umewahi kutolewa kitu mwilini, kinyama, uvimbe, kidonda, nunu yoyote, wewe au mathe wako au mzee wako, na hujawahi kuona ripoti, wiki hii rudi pale na uulize haya. Yanakili kwa simu:

Kipande changu kilipelekwa maabara gani, na kwa namba gani? Kama hakikupelekwa, kwa nini?

Ripoti ilitoka lini, na nani alipaswa kuniambia? Nipe nakala.

Kilikuwa wapi hasa, sentimita ngapi, ukubwa gani, na kilitoka kikiwa kizima au vipande?

Kingo ziko safi, haziko safi, au hazijulikani?

Kama ripoti inasema labda, ni kipimo gani kitaondoa hiyo labda, ni pesa ngapi, na kitafanywa lini?

Nirudi tarehe gani? Iandike.

Na ukiwa bado hapo dirishani, mwambie akusomee namba yako ya simu kwa sauti. Hesabu tarakimu. Ziwe kumi.